Herufi za Johnston: Karne Moja Chini ya Ardhi ya London

Herufi zinazotumika kuandika majina ya vituo vya reli ya chini ya ardhi ya London zilibuniwa na bingwa wa kalamu. Edward Johnston alizaliwa Uruguay mwaka 1872, katika familia yenye asili ya Uskoti. Aliacha masomo ya udaktari mjini Edinburgh, akahamia London, akafundisha hati za mkono, na mwaka 1906 akatoa kitabu cha sanaa hiyo ambacho waandishi wa hati wanakitegemea mpaka leo.

Herufi zisizo na vijimkia kwenye ncha za mistari yake hazikuanza naye. William Caslon wa Nne, mtengenezaji wa herufi za risasi mjini London, alizionyesha katika orodha yake mwaka 1816, tena herufi kubwa tupu. Karne ya 19 ilizipenda kwa matangazo: nene, zilizobanana, za kuvuta macho ya mpita njia.

Wingi wa matangazo hayo ndio uliokuwa kero ya Frank Pick, meneja wa kampuni ya reli hiyo ya chini ya ardhi. Kuta za vituo zilijaa mabango hata jina la kituo likapotea katikati yake, na abiria hakujua ashuke wapi. Mwaka 1913 Pick alimwendea Johnston akitaka herufi zisizoweza kuchanganywa na za mfanyabiashara yeyote. Zilianza kutumika mwaka 1916.

Johnston alirudi nyuma kabisa, kwenye herufi kubwa ambazo Warumi wa kale walizichonga kwenye mawe. Akachukua vipimo vyake, akaondoa vijimkia, akaupa mstari unene mmoja. O yake ni duara. Kimo cha herufi kubwa ni mara 7 ya unene wa mstari. Herufi ndogo l aliipinda mguu ili isidhaniwe kuwa I au tarakimu 1. Nukta ya i na j ni mraba uliosimama kwa pembe, kama uru ya karata. Aliyejifunza hati za Kiarabu ataitambua mara moja, kwani kalamu ya mwanzi yenye ncha bapa ikigusa karatasi huacha umbo hilohilo, na kwa nukta hiyo alifu hupimwa. Mkono wa mwandishi wa hati umebaki hai ndani ya herufi ya mashine, na hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii.

Kampuni ya reli haikuziuza nje. Umaarufu ulichukuliwa na Eric Gill, mwanafunzi wa Johnston aliyeshiriki mwanzoni mwa kazi ile kisha akajitoa. Gill Sans, iliyotolewa na kampuni ya Monotype mwaka 1928, ilienea duniani, na deni lake kwa Johnston linaonekana kwa macho.

Herufi za Johnston zilichongwa kwa ajili ya vibao na mabango makubwa. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha ulipochukua nafasi ya herufi za risasi na mbao, hazikufaa kwa ratiba na vijitabu, na miaka ya 1970 zilikaribia kuachwa. Mwaka 1979 Mjapani Eiichi Kono, akifanya kazi katika ofisi ya wabunifu ya Banks & Miles, alizichora upya: akakuza herufi ndogo na kutengeneza nyembamba, za wastani na nene. New Johnston iliziokoa, ingawa katika kuzisawazisha baadhi ya herufi zilipoteza upana wake wa asili. Toleo la kuuzwa kwa umma, lililofuata umbo la mwanzo, lilitolewa na kampuni ya P22 mwaka 1997 kwa kibali cha Jumba la Makumbusho ya Usafiri la London.

Mwaka 2016, herufi zilipotimiza miaka 100, Monotype ilitoa Johnston100. Wabunifu wake walirudi kwenye michoro ya kale, wakarudisha upana uliopotea na g yenye tumbo lililoinama. Wakaongeza mistari myembamba sana kwa ajili ya skrini, pamoja na alama za # na @ ambazo mwaka 1916 hazikuhitajika kwenye kibao cha kituo. Kati ya matoleo yote, hili ndilo lililomtendea Johnston haki zaidi. Nukta ya uru haikuguswa. Iko juu ya i kwenye vibao vya vituo vya London.