Sungura wakijikuna, chunguza pia ngozi ya watoto

Ufugaji wa sungura si mchezo wa wavulana tena. Katika sehemu kama Kiambu na Nyeri, wako wazazi wanaotegemea wanyama hawa kwa kitoweo na pesa za matumizi. Lakini wanapoanza kuugua, wafugaji hujiuliza: je, ugonjwa huu utatupata sisi na watoto wetu?

Jibu hutegemea ni kimelea gani. Kinachowamaliza sungura si lazima kimdhuru binadamu, na kinachomdhuru binadamu huenda kisimuue sungura upesi. Ndiyo maana wengi huogopa wasichopaswa kuogopa, na kupuuza kilicho hatari.

Tuanze na koksidia, vimelea visivyoonekana kwa macho ambavyo hukaa katika utumbo au ini la sungura. Wanaoumia zaidi ni wachanga walioachishwa kunyonya karibuni. Hukataa kula, tumbo hufura, huharisha, na wengine hufa ghafla. Ukichinja, huenda ukaona madoa meupe kwenye ini. Koksidia wa sungura hawamwambukizi binadamu. Fukia ini hilo, lakini hakuna haja ya kukimbiza jamaa nzima hospitalini.

Pengine utaona vifuko vya maji tumboni, vikubwa kama punje za njegere. Hao ni watoto wa tegu wa mbwa. Nao hawamwambukizi binadamu, ila usimtupie mbwa matumbo mabichi, kwani ataendelea kueneza mayai ya tegu huyo kwenye nyasi za sungura.

Upele ni jambo jingine. Huletwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi. Huanzia puani, midomoni, kwenye kingo za masikio na miguuni. Manyoya hutoka na ngozi hufanya ukoko mgumu. Wadudu hawa huweza kumhamia mtu anayembeba sungura. Mtoto huwashwa mikononi, kifuani na tumboni, pale pale alipomkumbatia mnyama wake.

Wadudu hao hawadumu katika ngozi ya binadamu, hivyo mwasho huisha baada ya muda iwapo mtoto hamgusi tena mnyama mgonjwa. Lakini nimeona watoto waliopakwa dawa mara tatu au nne bila nafuu, kwa kuwa sungura wenyewe hawakutibiwa. Ukienda kwa daktari, mwambie kwamba unafuga. Usimpake mtoto dawa ya mifugo wala kumnywesha. Kipimo chake si cha binadamu, na huweza kumdhuru vibaya.

Kimelea kingine ni toksoplazma, ambacho huenezwa na kinyesi cha paka. Sungura hukipata kwa kula majani yaliyochafuliwa, na binadamu akakipata kwa kula nyama isiyoiva. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni huweza kuathirika ubongo na macho. Pika nyama mpaka iive kabisa, na usiruhusu paka kulala kwenye majani ya sungura.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Mayai ya koksidia yanayotoka na kinyesi huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Anayeondoa kinyesi kila siku huyawahi. Weka sakafu ya waya ili kinyesi kianguke chini, na majani yawekwe juu, yasikanyagwe. Mgonjwa atengwe mara moja, kwani nazi mbovu harabu ya nzima.

Sungura aliyetibiwa asichinjwe kabla siku alizotaja daktari wa mifugo hazijaisha, ili usile mabaki ya dawa. Na kila mtu anawe mikono kwa sabuni atokapo bandani, hasa watoto, kabla ya kugusa chakula.