Je, Wajua? Soli ya Ndani ya Buti la Mwindaji

Je, wajua kwamba mguu wa mwanadamu, wenye mifupa 26 kuanzia kifundoni hadi vidoleni, huvimba kadiri siku iendavyo, hata buti lililomkaa mtu vema alfajiri likawa adhabu wakati wa alasiri? Kwa sababu hiyo, askari wa wanyamapori au mwindaji mwenye leseni aelekeaye porini, akitaka kubadili soli ya ndani iliyokwisha kubonyea, yampasa aijaribu mpya jioni, akiwa na soksi zile zile za safari, wala asiilaze juu ya kuukuu, kwani kisigino kitapanda na vidole vitabanwa. Hiyo kuukuu asiitupe: fundi viatu huilaza juu ya ngozi, akachora mzingo wake kwa kalamu, ndipo akakata. Ngozi, ijapokuwa ghali, hufyonza jasho na kufuata taratibu umbo la unyayo. Sponji laini hupendeza dukani, lakini kwa rai yangu haifai kwa mwendo mrefu, maana hudidimia upesi. Masika, udongo mweusi wa mbugani ugeukapo tope, itoe soli ya ngozi kila uvuapo buti uianike kivulini, kwani jua kali huikakamaza.