Koko aliponiuliza atalia saa ngapi

Kama ulisikiliza kipindi cha wiki hii, ulinisikia nikicheka wakati nasimulia habari ya matanga. Mbele ya maikrofoni ilibidi nicheke. Usiku wenyewe sikucheka hata kidogo.

Ilikuwa Januari, kwenye nyumba ya orofa mbili karibu na Grant Street, hapa West Side ya Buffalo. Unazijua nyumba zetu wakati wa msiba: viatu vimejaa mlangoni, akina mama wako jikoni na sufuria za wali na sombe, wanaume kwenye viti vya kukunja, hita inanguruma. Nilikuja na gitaa langu. Nimekulia kwenye kwaya, na karibu kila ninachojua nilikichukua YouTube, usiku, na spika za masikioni. Watu wa rika langu wananijua kwa seben. Wakisema piga, mi napiga.

Usiku ukiwa umeenda, koko mmoja wa Fizi akaanzisha wimbo wa zamani wa Kibembe. Hakusema anaanzia sauti gani. Alifumba macho, akaimba. Nikamtafuta kwenye nyuzi, nikampata, nikafurahi. Hapo ndipo nilipoharibu. Kila alipovuta pumzi, nikajaza. Alipotaka kurefusha neno, mimi nilikuwa nimeshahamia kwingine. Kufika ubeti wa tatu akanyamaza, akanishika goti, akasema polepole:

"Mutoto yangu, gitare yako inasema sana. Miye nitalia saa ngapi?"

Basi. Hakuna aliyenigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusikiliza upya. Wazee wa rumba walishalipanga jambo hili zamani: kwanza maneno, na magitaa yanasindikiza, halafu seben, mwimbaji anaachia njia na gitaa linaongoza. Sisi vijana tumelelewa na seben hadi tunadhani wimbo ni foleni ya kuifikia. Chukua African Jazz ya Joseph Kabasele. Wote tunamtaja Dr Nico, mpiga solo. Lakini pembeni yake yuko kaka yake, Dechaud, kwenye gitaa la kusindikiza. Mwaka 1960 walikuwa wote Brussels bendi iliporekodi "Indépendance Cha Cha". Solo ya Nico ina pa kukanyaga kwa sababu Dechaud anashikilia chini. Sikuwahi kujifunza hata kipande kimoja cha Dechaud.

Halafu nikarudi kwa Mwenda Jean-Bosco, wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, akiimba mwenyewe. Shida yangu yeye hakuwa nayo: mwimbaji na mpigaji walikuwa kifua kimoja, wanavuta pumzi pamoja. Mimi nilikuwa na pumzi yangu, koko na yake.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mzee wa Puerto Rico anayeishi upande wa Niagara Street na anayepiga gitaa pia. Nilipomsimulia, hakunipa ushauri. Aliniwekea Paco de Lucía akimsindikiza Camarón de la Isla, wale wa flamenko ya Hispania, ambao albamu yao ya kwanza pamoja ilitoka mwaka 1969. Paco nilimjua kwa kasi tu. Kumbe Camarón akiimba, Paco anapunguza. Anajibu kidogo mwisho wa mstari, kisha anangoja. Vile vipande vyake vya kukimbia, wanaviita falseta, vina mahali pake: mwanzoni, na kati ya ubeti na ubeti. Kwenye soleá mzunguko wa mapigo 12 haukatiki, lakini ndani yake mwimbaji anaweza kuvuta neno anavyotaka, na gitaa linamfuata. Hata kile kibano wanachofunga kwenye shingo ya gitaa kinahamishwa ili gitaa limfikie mwimbaji alipo. Na pamoja na adabu yote hiyo, ukisikia sekunde tano unajua ni Paco.

Nikamuuliza mzee: sasa Paco anajuaje kama mstari unaisha? Akanishangaa. Anayaelewa maneno, akasema.

Mimi Kibembe najua salamu na matusi mawili. Nyumbani tuliongea Kiswahili, shule ikaleta Kiingereza, Kibembe kikabaki Nyarugusu, kambini, nilikozaliwa. Ndiyo maana nilikuwa najaza: sikujua koko anasema nini, kwa hiyo kila kimya chake niliona ni nafasi yangu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwake. Gitaa niliacha nyumbani. Alinipa chai, akanisemesha maneno bila kuimba, mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza ulichukua karibu saa nzima. Kisha akanieleza lile neno nililokuwa nalikata. Lilikuwa jina la marehemu. Wimbo huo, alivyofundishwa yeye, una nafasi ya jina, na kila msiba linaingia jina jipya. Analivuta makusudi, ili watu wamlilie.

Mwezi uliopita tulikaa matanga tena. Nilipiga sauti mbili tatu tu, macho kwenye mdomo wake. Kati ya beti niliweka kapande kangu kadogo, na mtu akatikisa kichwa, akajua ni mimi. Alipofika penye jina, niliweka kiganja juu ya nyuzi. Akalivuta mpaka akamaliza.

Wimbo wote bado sijaujua, nimefika nusu. Wewe je, nyumbani kwenu kuna koko anayeimba hizi za zamani? Muulize maneno kwanza, halafu tuandikie alichokuambia. Tungependa kumsikia kwenye kipindi kijacho.