"Niko bure": maneno ambayo mwanamke mwenye ADHD hujiambia

Mwanamke mwenye ADHD hujitukana kimoyomoyo kabla mtu yeyote hajamlaumu. Chukua mfano wa mama aliyeanika ndagala (dagaa) ufukweni Baraka, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo. Mtoto anamwita, anaenda. Njiani anakutana na jirani, wanazungumzia likelemba, mchango wa kupokezana fedha. Anafika nyumbani na kukuta sombe, mboga ya majani ya muhogo, inaungua. Mvua inanyesha, ndagala bado ziko nje. Papo hapo anajihukumu: "Niko bure. Kichwa yangu haina kazi."

ADHD, ambayo kwa Kifaransa huitwa TDAH, ni hali ya ukuaji wa ubongo, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Inavuruga umakini, upimaji wa muda na kumbukumbu ya jambo ulilo nalo mkononi. Si uvivu wala malezi mabaya. Mvulana anayeruka juu ya madawati huonekana upesi. Msichana anayepotelea mawazoni kwenye benchi la nyuma huitwa mzembe, na nyumbani hupimwa kwa yale yale yanayomshinda: maji, moto, mdogo wake, saa ya soko, vyote kwa wakati mmoja. Akikaripiwa miaka kumi, hahitaji tena mkaripiaji.

Wengi huamini kwamba kujikaripia kutawaamsha. Kinyume chake, aibu humfanya mtu akwepe kazi iliyomshinda jana, irundikane, na lawama zirudi na nguvu zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya huzuni na wasiwasi kuwapata sana wanawake hawa.

Tiba ya mazungumzo hufundisha kutenganisha tukio na mtu. Hasara ya ndagala ni ya kweli, isifichwe. Lakini jiulize: nini kimetokea, kwa sababu gani, kesho nifanye nini? Jibu litakuwa: "Niliondoka bila kumwachia mtu. Kesho nitamwomba dada aziangalie, na nitaweka kengele ya simu." Sentensi hiyo ina kazi ya kufanya, "niko bure" haina.

Tahadhari moja. Fizi imepitia vita na watu kukimbia makwao, na mshtuko, usingizi mbovu na huzuni navyo huvuruga umakini. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kama zako zilianza baada ya kukimbia, mweleze hivyo muuguzi wa kituo cha afya. Huenda tatizo ni jingine, na lina msaada wake. Na sauti ya kujilaumu ikianza kusema heri ufe, usingoje kesho. Mwambie mtu leo hii.

Kwa wazazi na walimu: maneno mnayompa msichana ndiyo atakayojiambia akiwa mama. Akisahau ndoo kisimani, mtumeni arudi kuichukua, mwishie hapo.