Injini ya pampu kwenye baiskeli: Hesabu meno kabla ya kuchomelea

Kandokando ya mto Sabaki wakulima wengi hunyweshea mashamba yao kwa pampu ndogo za petroli. Mara nyingine pampu huharibika upande wa maji huku injini ikiwa bado nzima. Hapo ndipo kijana mwenye akili ya ufundi huiangalia injini ile, akaiangalia na baiskeli iliyoegemea ukutani, akapata wazo.

Wazo lenyewe si la kuchekwa. Mwaka 1946, baada ya vita, Soichiro Honda wa Japani alichukua injini ndogo zilizokuwa zikiendesha mitambo ya redio ya jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1948, ilizaliwa kampuni ya Honda Motor. Kwa hivyo kijana wa Gongoni au Ganda anayefanya hivyo leo ana mtangulizi mkubwa.

Lakini malalamiko ya wanaojaribu hufanana: injini inanguruma vizuri, klachi inatoa moshi, na baiskeli haivuti. Wengi huilaumu injini. Mara nyingi kosa liko kwenye meno ya sproketi.

Tuanze na hesabu. Injini nyingi za pampu zimewekwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika na si zaidi. Tairi ya baiskeli ya kawaida ya inchi 28 ikizunguka mara moja husogea kama mita 2.2. Usikisie: tia alama ya chaki kwenye tairi, mtu akae juu ya baiskeli, isukume mzunguko mmoja, kisha upime chini.

Sasa chukua ufungaji uliozoeleka: sproketi ya meno 10 kwenye injini, cheni moja, na sproketi ya meno 44 nyuma. Gawanya 44 kwa 10, unapata 4.4. Maana yake injini huzunguka mara 4.4 ili tairi izunguke mara moja. Injini ikifika 3,600, tairi itazunguka mara 818 kwa dakika. Zidisha kwa mita 2.2, kisha geuza iwe saa: karibu kilomita 108 kwa saa. Injini ya pampu haina nguvu ya kuifikisha baiskeli huko. Na klachi ile inayojishika yenyewe, ikiwa inashika kwenye mizunguko 2,000, itasubiri baiskeli ifike kilomita 60 kwa saa ndipo iache kuteleza. Haifiki. Inateleza tu mpaka inaungua.

Hesabu ifanywe kinyumenyume. Kwanza chagua mwendo, kisha utafute meno. Tuseme unataka kilomita 35 kwa saa. Hiyo ni tairi kuzunguka mara 265 kwa dakika. Gawanya 3,600 kwa 265, unapata karibu 13.6. Uwiano huo hauwezekani kwa cheni moja, kwa sababu ukiwa na meno 10 mbele ungehitaji meno 136 nyuma, sproketi inayokaribia ukubwa wa tairi yenyewe.

Dawa ni shafti ya kati na cheni mbili. Meno 10 ya injini yazungushe 36 ya shafti: 3.6. Upande wa pili wa shafti weka meno 11 yazungushe 42 ya tairi: 3.8. Zidisha hizo mbili, unapata karibu 13.7. Mwendo wa juu utakuwa kama kilomita 35 kwa saa, na klachi itashika ukiwa karibu kilomita 19.

Sasa tupime nguvu. Chukua dereva, baiskeli, injini na mzigo mdogo: kilo 150. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kila mita 100, uzito unakurudisha nyuma kwa nguvu ya kilo 12. Ongeza kilo 2 za msuguano wa barabara, jumla 14. Injini ya ukubwa wa sisi 120, ikifungwa moja kwa moja kwenye tairi bila kupunguza mzunguko, ingesukuma kwa nguvu ya kama kilo 2 tu. Kwa uwiano wa 4.4 inasukuma kama 8, ukitoa kinachopotea njiani. Haipandi. Kwa 13.7 inasukuma kama 23. Injini ni ile ile na petroli ni ile ile. Kilichobadilika ni meno.

Ndiyo maana hakuna jibu moja kwa pwani yote. Anayezunguka Malindi mjini au kwenda Watamu kwa lami tambarare, 13 au 14 itamtosha. Anayebeba mzigo kwenye mchanga wa Mambrui, au anayepanda vilima vya Rabai na Kaloleni, asogee kwenye 17. Habadilishi kila kitu: aondoe sproketi ya mwisho ya meno 42 aweke ya 52. Mwendo wa juu utashuka hadi kama kilomita 28 kwa saa, lakini klachi itashika mapema, kwenye 15 na ushei, na mlima utapandika. Chagua kwa ajili ya mahali pagumu zaidi unapopita na mzigo mzito zaidi unaobeba.

Cheni ya mwisho ndiyo inayovutwa kwa nguvu zaidi, kwa hivyo iwe ya pikipiki. Sproketi ya nyuma ifungwe kwenye habu imara, isining'inie kwenye spoki. Na gavana ya injini isiguswe. Wapo wanaoifungua ili wapate mizunguko zaidi. Injini iliyoundwa kwa 3,600 ikilazimishwa zaidi inaweza kuvunjika ndani, nayo iko katikati ya miguu yako.

Kuna jambo la mwisho ambalo ndilo kubwa. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Breki za fito za baiskeli zilitengenezwa kwa mtu anayekanyaga pedali. Anayetaka kilomita 50 kwa saa kwa breki hizo hatafuti usafiri. Anatafuta wa kumzika. Kama huna breki za pikipiki, chagua meno yatakayokuzuia usizidi 30. Meno hayasahau wala hayapandwi na hasira ya kupitwa na bodaboda.

Ijulikane pia kwamba ukishafunga injini, mbele ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hicho ni chombo cha moto. Barabarani kitadaiwa usajili, bima, leseni na kofia ya kinga. Bila hayo, kazi yake ibaki shambani na kwenye vichochoro vya shamba lako.

Kwa hivyo kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea, chukua kalamu na karatasi. Andika mzunguko wa injini, kipimo cha tairi, mzigo wako na mlima wako. Karatasi ikiharibika unachukua nyingine. Klachi ikiungua ni pesa, na mguu ukivunjika ni nyumba nzima inayolala njaa.