Sumu Iliyolala Topeni: Metali katika Mabwawa ya Maji ya Mvua

Mvua inyeshapo mjini, maji hayabebi vumbi na majani pekee. Huosha mapaa ya mabati na kuondoka na zinki iliyopakwa juu ya chuma. Hupita barabarani yakazoa shaba ya breki za magari na zinki ya matairi yaliyosagika. Risasi nayo (neno lile lile litajalo kitokacho katika mtutu wa bunduki) ilitiwa katika petroli ya Kenya hadi mwanzoni mwa 2006, na metali haziozi.

Katika miji mingi ulimwenguni, maji hayo huelekezwa kwenye mabwawa yaliyochimbwa makusudi ili yatulie kabla ya kuingia mtoni. Metali hushikamana na chembe ndogo za udongo, nazo huzama zikawa mashapo. Mto huokoka. Bwawa, kwa upande wake, huota matete, na vyura, kerengende na ndege huhamia humo pasi na kujua kwamba makao yao mapya ni jaa.

Ifahamike kuwa hatari hailingani na wingi wa metali. Mnamo 1980, mwanasayansi wa Uswidi, Lars Håkanson, alipendekeza kipimo ambamo kila metali hupewa uzito kulingana na sumu yake: zebaki 40, kadimi 30, risasi na shaba 5, zinki 1. Uzito huo huzidishwa kwa mara ambazo metali imezidi kiwango cha asili. Hivyo, kadimi iliyofika mara 2 ya kiwango hicho hupata alama 60, ilhali zinki iliyofika mara 10 hupata 10 tu. Chini ya 40 huhesabiwa kuwa hatari ndogo. Kipimo hiki ni chepesi, na pengine ndiyo sababu kinapendwa kupita kiasi, kwani hakiulizi iwapo metali imefungwa au imeachiliwa.

Swali hilo ndilo kiini. Katika tope lisilo na oksijeni, salfaidi huzishika kadimi, risasi, shaba na zinki zisiyeyuke, na mabuu na minyoo wa humo wakapata nafuu. Bwawa likikauka kiangazi, au tope likifukuliwa na kuanikwa ukingoni, hewa huivunja salfaidi, na mvua inayofuata huzirudisha metali majini. Kwa hiyo kazi ya kulisafisha bwawa, ambayo haina budi kufanywa lisije likajaa, yaweza kuzua hatari kuliko miaka yote ya utulivu. Aidha, tope hilo jeusi lafanana mno na mbolea, na mboga za majani huifyonza kadimi kwa wepesi.