Upanga Usiokua

Juma hili, wasikilizaji wangu, nanyi mnaonisoma gazetini, naomba mniwie radhi. Nimezoea kuzungumza nanyi juu ya bei ya unga, ubovu wa barabara na karo za shule. Leo nitazungumza juu ya upanga, tena upanga usioshikika kwa mkono, kwani umo ndani ya mchezo wa video.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, na anakaa kwangu akingoja matokeo. Dada yangu alinipa kazi moja tu: nizungumze naye juu ya maisha yake. Kijana anataka kuendesha bodaboda ili apate fedha mara moja. Mama yake anataka asomee ufundi umeme. Mimi nilikuwa nimekwisha tayarisha hotuba. Lakini kila nilipofika nyumbani nilimkuta mbele ya runinga, pedi mkononi. Siku moja nikafoka. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo, mjomba. Keti ujaribu kwanza, halafu unigombeze."

Nikaketi. Mchezo wenyewe unaitwa Dark Souls. Ulitolewa mwaka 2011 na kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Una sifa ya ugumu. Kila adui unayemuua anakupa roho, na roho hizo ndizo fedha yako. Ukifa, zote zinabaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimepotea.

Sasa basi, hebu tutazame jambo lililonifunza. Mapema katika safari lipo daraja linalolindwa na joka jekundu. Darajani hapo kuna maiti, na kwenye maiti hiyo utaokota upanga mkubwa uitwao Claymore. Ukisimama chini ya daraja na kulipiga joka mishale mkiani mpaka mkia ukatike, unapata upanga mwingine, uitwao Drake Sword. Panga zote mbili zinamtaka mtu mwenye nguvu 16 na wepesi 10. Lakini Claymore inaanza na ukali wa 103, na ule wa joka unaanza na 200. Je, msomaji, wewe ungechukua upi?

Mimi nilichukua wa joka, nami nikatamba. Maadui walianguka kama mabua. Nikamwambia kijana, "Unaona? Mzee bado yumo." Akatabasamu, asiseme neno.

Siku kadhaa baadaye nilifika Anor Londo, mji wa miungu. Huko wapo walinzi wawili, Ornstein mwenye mkuki na Smough mwenye nyundo, nao wanapigana pamoja. Upanga wangu ukawa kama kijiti. Niliongeza nguvu zangu kwa roho nyingi, lakini ukali haukupanda hata kidogo. Nikadhani mashine imeharibika.

Ndipo mpwa wangu akanieleza. Silaha nyingi katika mchezo huu zina herufi, mithili ya ripoti ya shule. S ndiyo ya juu kabisa, kisha A, B, C, D, na E ya mwisho. Herufi hizo zinaonyesha jinsi silaha inavyonufaika na uwezo wa mwenye nayo. Claymore ina C ya nguvu na C ya wepesi. Kila unapokua, nayo inakua. Upanga wa joka hauna herufi hata moja. Uwe dhaifu au uwe shujaa, kwake ni mamoja.

Jambo la pili ni mhunzi. Yupo mzee mmoja, Andre, anayenoa silaha kwa vipande vya madini ya titanaiti. Kwa mzee huyo na wahunzi wenzake, Claymore inaweza kupandishwa mara 15, mpaka ukali wake ukafika 257. Upanga wa joka unapandishwa mara 5 tu, tena kwa magamba ya joka, ambayo ni adimu, nao unaishia 300. Utasema 300 bado ni kubwa kuliko 257. La hasha! Ile nyongeza ya herufi hupatikana kwa kuzidisha ukali wa silaha yenyewe, kisha hujumlishwa juu yake. Kunoa kunaikuza nyongeza, na mazoezi ya mwili yanaikuza pia. Kwa mtu aliyejijenga, Claymore iliyonolewa hadi mwisho inauacha mbali ule wa joka.

Jambo la tatu ni kujua mahali pa kukomea. Nguvu au wepesi ukishafika 40, kila roho unayoongeza inaleta faida ndogo mno. Tena, ukishika upanga kwa mikono miwili, nguvu yako huhesabiwa mara moja na nusu, hivyo mwenye 27 anapiga kama mwenye 40. Mwenye hesabu zake huzipeleka roho zilizobaki kwenye uhai na ustahimilivu. Na wapo wanaochagua silaha za umeme, ambazo hazitazami nguvu yako kabisa, kwa makusudi, ili kila walichonacho kiende kwenye kuishi muda mrefu. Hao hawajakosea, maana wamejua wanachonunua.

Nikaona hapo ndipo pa kutoa hotuba yangu. Nikamwambia, "Basi bodaboda ndiyo upanga wa joka. Umejihukumu mwenyewe."

Akafikiri kidogo, akasema, "Mjomba, upanga wa joka si mbaya. Bila huo usingefika Anor Londo. Ubaya ni kuushika huo tu, na ule mwingine ukauacha kwenye mfuko bila kuunoa."

Nilinyamaza. Claymore nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kwani niliiokota pale darajani. Roho zote ambazo zingeinoa nilizimaliza kwenye nguvu ambazo upanga wangu haukuzijali.

Nilimpigia simu dada yangu usiku ule. Tumekubaliana kijana aendeshe bodaboda jioni, na asubuhi asomee umeme. Karo nusu atatoa yeye, nusu mimi. Mama yake bado ana wasiwasi na barabara zetu, na simlaumu.

Mimi nimerudi kwa mzee Andre na Claymore yangu. Ornstein na Smough bado wananiua. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.